Sabuni ya Mgeni

Kama kuna mtu anayeweza kumuua mgeni kwa ukarimu, ni Zilpah. Ukifika kwake na kiu utapewa uji. Ukisema umeshiba, utaletewa chai ya maziwa matupu na mayai juu yake, na ukijaribu kuaga atakufuata hadi njiani na kuku aliyefungwa miguu. Nimekaa naye jirani tangu nilipotoka Kisii kuja kuuza ndizi Rongo, na mpaka leo sijui rangi ya meza yake, maana imefunikwa vitambaa vya kufuma siku zote, kwa ajili ya mgeni ambaye huenda akatokea. Nayasema haya mapema ili ukisikia tulivyokwenda kuaibika kule maabara ya Homa Bay, ujue shida ilianzia wapi.

Mwaka ule wa tisini na sita tulikuwa kikundi cha akina mama wa kanisa, Wasabato sote, tukitengeneza sabuni ya kufulia. Mafuta ya ng'ombe tulikuwa tukiyatoa kwa wachinjaji wa Ogwedhi, siku ya mnada wa mifugo. Tukiyayeyusha, tunatia kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tunakoroga mpaka mikono inaomba msamaha, tunamimina kwenye visanduku vya mbao. Ikiganda tunaikata kwa waya na kuipanga rafuni, ilale mwezi mzima. Kila mmoja wetu alijua kwamba sabuni mbichi huwasha mikono. Ndiyo maana tulikuwa tunailaza.

Kazi yote ilifanyika ndani ya banda la Chrispine, mdogo wake marehemu Cephas, mume wa Zilpah. Alilijenga la kukaushia tumbaku, halafu bei ya tumbaku ikaanguka, akakasirika akaacha kulima, na sisi tukaingia. Sasa bei ilikuwa imepanda, shamba lake lilikuwa la kijani mpaka mtoni, na shemeji alianza kupitapita mbele ya banda akihesabu nguzo kwa macho.

Siku moja akaingia kabisa. Chrispine si mtu mbaya. Ila ana ugonjwa wa gredi. Kila msimu wanunuzi wa tumbaku hulipanga jani lake kwa gredi, hili la kwanza, hili la tatu, na yeye akaona dunia nzima inafaa kupangwa hivyo. Kitu ambacho hakijapimwa na mtu mwenye kalamu mfukoni, kwake si kitu.

"Zilpah, mimi sina ubaya," alisema. "Lakini hii sabuni yenu nani amewahi pima? Tumbaku yangu inapimwa, inapewa grade. Nyinyi mnachemsha tu mafuta mnaita kazi."

"Kwani povu huoni, yuora?" Zilpah akamuuliza. Yuora ndivyo Wajaluo wanavyomwita shemeji.

"Povu hata mtoto anaweza tengeneza na mate. Wacha nione na macho yangu mtu wa laboratory akisema hii sabuni ni mzuri. Nikiona, banda ni yenu, sitauliza tena. Kama sioni, Jumatatu ya wiki ijayo majani yangu yanaingia hapa."

Akaondoka akiwa ameridhika na nafsi yake. Mimi nilikuwa na utani tayari mdomoni, juu ya mtu anayetaka hata mke wake apewe gredi, lakini nikamwona Zilpah alivyokaa juu ya ndoo, nikaumeza.

"Nyar Kisii," aliniambia polepole, yaani binti wa Kisii, "nikirudi kuuza nyanya pale stage, nitaitwa tena chi Cephas. Mke wa Cephas, na Cephas mwenyewe hayuko. Hapa ndani watu wananiita chairlady."

Nilimshika bega.

Basi tukaamua kwenda Homa Bay, kwenye maabara ndogo inayopima maji, unga, sabuni, chochote watu wanachouza. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imetuambia hata wao wangenunua sabuni yetu ya kufulia mashuka kama maabara ingeikubali. Kwa hiyo kupita mtihani kulikuwa na faida pande zote, na kuanguka pia kungetuangusha pande zote. Na hapo ndipo ukarimu wa Zilpah ulipoamka.

Kwanza aliondoa sabuni zote rafuni. Aliona mtu wa maabara huenda akaja kutukagua, na akikuta sabuni za mwezi jana atafikiri hazinunuliwi. Tukazipeleka soko la Oyugis, tukauza mpaka kipande cha mwisho, tukarudi tukipiga kifua. Kisha, siku mbili kabla ya safari, akatutengenezesha sabuni mpya. Mafuta yalikuwa ya ng'ombe wa asubuhi ileile. Ndani yake alimimina chupa yake ya marashi, ile aliyokuwa akijipaka siku za harusi tu.

"Zilpah," nilimwambia, "si ungebakisha hata moja ya zile zilizolala?"

"Nimpe mgeni kiporo?"

"Lakini ni sisi tunaokwenda kwake. Mgeni ni wewe."

"Basi macho yake ndiyo wageni," akasema, na mjadala ukaisha. Wote tulikubali, hata mimi ninayejifanya mjuaji. Tulikuwa tunafikiria mgeni, hatukufikiria sabuni.

Tulikwenda watatu, Zilpah, mimi, na Filister. Filister ni mke wa Chrispine, mama mpole anayecheka kwa pua, na ndiye mkorogaji wetu bora. Mumewe alikuwa amepiga marufuku sabuni ya kikundi isiingie nyumbani kwake, akidai itamharibia ngozi. Kwa hiyo Filister alikuwa akitengeneza sabuni mchana kutwa, halafu jioni anakwenda dukani kununua ya watu wengine.

Maabarani alitupokea kijana Mkuria anayeitwa Maroa. Alikuwa amevaa koti jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, katika joto lile la ziwani, na jasho lilikuwa likimtiririka kwa heshima. Zilpah aliweka mzigo wake mezani. Maroa akafungua kitambaa cha kwanza cha kufuma, chenye maua. Ndani kulikuwa na cha pili, chenye njiwa wawili. Ndani ya hicho cha tatu, na hapo akasita, nadhani alianza kuogopa kwamba ndani ya sabuni pia kuna kitambaa.

Alianza na povu. Alitia vipande vidogo vya sabuni katika glasi ndefu yenye maji, akaitikisa, na povu likapanda mpaka juu likakaa hapo bila kushuka. Zilpah alinipiga kiwiko. Nikampiga na mimi. Filister akacheka kwa pua.

Halafu akakwangua sabuni nyingine, akaiyeyusha katika bakuli la spiriti kwenye moto mdogo. Akachukua kichupa cha dawa isiyo na rangi, akadondosha tone moja. Bakuli lote likageuka waridi. Si waridi ya kubahatisha. Ilikuwa waridi iliyokolea, ya kupendeza, utadhani mtu ameyeyushia humo mapazia ya kanisani siku ya harusi.

Zilpah alipiga kigelegele kilichotikisa vioo. Filister akakipokea. Na mimi, sitaki kujitoa, nilikata kiuno kidogo. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka, bwana mmoja mwenye miwani akachungulia, pengine akimtafuta bibi harusi. Maroa alibaki amesimama na bakuli mkononi, akitutazama mmoja mmoja, akingojea tumalize.

"Mama," alisema mwishowe, "hiyo rangi si mzuri."

Kigelegele cha Filister kilikuwa bado kiko katikati. Kikafia hapo.

"Si mzuri aje?" Zilpah akauliza. "Hata maids wa harusi ya mtoto wa pastor walivaa color kama hii!"

"Hii dawa ikipata kostiki bado iko ndani ya sabuni, inakuwa pink. Sabuni ikikomaa, dawa inakaa tu hivyo, kama maji. Hii yenu, mama, inaweza osha nguo mpaka ioshe na ngozi. Mlitengeneza lini?"

Zilpah alijinyoosha. "Juzi tu! Hawa walitaka nikuletee ya zamani, nikakataa kabisa. Mtu kama wewe?"

Maroa aliweka bakuli chini, akageukia dirishani, akawa anatazama ziwa kwa bidii. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipotugeukia tena alikuwa ameukaza uso, lakini macho yalikuwa na machozi.

"Nashukuru, mama. Lakini nilikuwa nataka ile ya zamani. Mko nayo?"

"Tumeuza yote."

"Basi hii iende ilale. Mrudi baada ya mwezi."

Zilpah alianza kukunja vitambaa vyake, cha njiwa, cha maua, akilinganisha pembe kwa pembe, polepole sana. Maroa alinitazama kuuliza kuna nini. Nikamweleza habari ya banda, ya Chrispine na majani yake, na kwamba hatukuwa na mwezi, tulikuwa na siku chache tu mpaka Jumatatu. Sikuongeza chumvi. Kwa mara moja maishani mwangu, jambo lilikuwa chungu vya kutosha bila msaada wangu.

Kijana akakuna kichwa. "Mimi naenda nyumbani wikendi, napita hapo Rongo. Naweza beba dawa nije Jumamosi..."

"Jumamosi ni Sabato," tukasema kwa sauti moja, kama kwaya.

"Jumapili basi. Nyinyi mtafute kipande moja imekomaa, hata kwa jirani. Hata kama ni ndogo. Nikipima mbele ya huyo mzee, ataona mwenyewe."

Tulirudi tukatafuta. Niamini, tulitafuta. Kila nyumba ya mwanachama, kila beseni, kila jiwe la kufulia kando ya mto. Ila sabuni ina ubaya wake: ikiwa nzuri, inaisha. Tulikuta maganda ya povu lililokauka. Kwangu mimi nilikuwa na uhakika nimebakiza kipande nyuma ya mtungi, lakini panya walikuwa wamekitafuna chote. Wao hawakungojea maabara. Nyumbani kwa Chrispine hatukujisumbua hata kuuliza, maana marufuku yake ilijulikana kijiji kizima.

Jumapili Maroa akaja kama alivyoahidi. Zilpah hakuwa na sabuni ya kumwonyesha, lakini alikuwa amechinja jogoo. Chakula kikaandaliwa mezani, chini ya kivuli cha banda, Filister akaleta birika na beseni, na Zilpah akaingia ndani kufungua sanduku lake. Alitoka na sabuni ya dukani, mpya, ingali katika karatasi yake, inanukia maua mpaka barabarani. Akaifungua, akaiweka kwenye kisahani, akampa Maroa kwa mikono miwili.

Maroa aliitazama. Hakunawa.

"Mama, wageni wote unawapatia hii?"

"Wote. Ile yetu ni ya kufulia, mwanangu. Nitakupea aje ya kufulia?"

"Si nimetoka Homa Bay juu ya hiyo ya kufulia?" alisema, kwa upole tu, akitabasamu. "Mama, kama wewe mwenyewe unaficha, huyo mzee wa tumbaku ataamini aje?"

Zilpah akaketi. Nilimwona neno limemwingia, na nilimwonea huruma, lakini pia nilisema moyoni, kijana, mimi nimetafuta miaka mingi namna ya kumwambia hivyo. Maroa akanawa kwa maji matupu. Kichupa chake cha dawa kilikaa mezani kando ya ugali, hakijafunguliwa, na sote tulikuwa tunakitazama.

Ndipo Chrispine akatokea. Alikuwa amebeba begani mzigo wa miti myembamba ya kuanikia majani, maana Jumatatu ilikuwa kesho na yeye ni mtu wa maandalizi. Alikuwa ametoka kuonja mavuno, akachuma majani ya chini, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa ule utomvu wa tumbaku unaonata kama lami. Aliitua miti ukutani mwa banda. Alipomwona mgeni, akamsalimia kwa mbali, kiwiko kikiwa juu, kwa sababu huwezi kumpa mtu mkono wa namna ile.

"Ngoja ninawe kwanza," akasema, akazunguka nyuma ya banda, kwenye pipa la maji.

Alirudi akikung'uta vidole. Mikono ilikuwa safi kama ya karani. Akampa Maroa mkono. Maroa akaushika, na badala ya kuuachia, akaugeuza juu chini, akauchungulia hadi kwenye kucha.

"Mzee, baba yangu pia analima tumbaku," alisema. "Hii utomvu nimekua nayo. Haitoki na maji. Sisi tulikuwa tunasugua na mchanga mpaka ngozi inatoka. Wewe umetoa na nini?"

"Na maji," Chrispine akajibu haraka.

"Maji gani hiyo?" akauliza Filister kutoka kwenye birika. Mama mpole, nilikwambia. Lakini mashuka ya nyumba ile ni yeye anayeyafua, na madoa ya utomvu anayajua.

Chrispine alimtazama mkewe, akaitazama miti yake ukutani, kisha akamtazama Zilpah, ambaye hakuinua kichwa. Na mimi mwenye mdomo wa kila mtu, nilifunga wangu. Angeweza kusema lolote. Angesema mafuta ya taa, tungemwamini sote, na kesho yake banda lingekuwa lake. Hilo analijua yeye, na mimi nalijua, na tangu siku ile sijawahi kumdharau tena kwa dhati, namtania tu.

Akageuka akarudi nyuma ya banda. Tulisikia bati likikwaruza jiwe. Alikuja na mkebe mzee wa maziwa ya unga, ulioshikwa kutu, akauweka mezani katikati ya ugali na kuku. Ndani kulikuwa na kipande cha sabuni yetu. Kilikuwa kimepinda, kimekuwa cha manjano, na alama za waya wetu bado zilionekana upande mmoja.

"Hii ni ya kitambo," alisema, akiangalia mbali. "Nilipata tu hapo kwa rafu."

"Ulipata!" Filister akasema.

"Ilikuwa imeanguka."

Nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Maroa hakucheka. Alitoa kisu kidogo, akakikata kile kipande katikati, akafungua kichupa, akadondosha tone moja juu ya pale palipokatwa. Tukainama sote, vichwa vikigongana. Tone lilikaa. Tukangoja rangi. Tone likabaki vilevile, bila rangi, kama maji ya mvua kwenye jani.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza Chrispine.

"Hiyo hakuna kitu ndiyo tunatafuta, mzee. Imekomaa kabisa. Hii unaweza oshea hata nepi ya mtoto."

Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Zilpah aliuliza, "Una uhakika?" Maroa akaongeza tone la pili, na la pili nalo likakaa kama la kwanza. Zilpah akafunika uso kwa leso yake, akalia bila sauti. Mimi nilifurahi mpaka nikakasirika, nikaanza kumgombeza Filister kwamba kuku anapoa.

Chrispine alikuwa ametoa neno mbele ya watu, na aliliheshimu. "Basi nimeona," alisema. "Banda ni yenu." Hakumumunya maneno. Maroa akakifunga kipande chote, nusu zote mbili, katika karatasi, akakitia mfukoni akakipime vizuri Homa Bay kwa ajili ya ile hospitali. Akatuonya kwamba kuanzia sasa kila sabuni ilale mwezi mzima kabla ya kutoka, hata kama anakuja nani. Aliyasema hayo akimtazama Zilpah, na Zilpah akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Shemeji alikuwa ameshabeba miti yake begani aondoke. Akasimama. Akauchungulia mkebe wake, ulikuwa mtupu.

"Sasa mimi nitanawa na nini?" akauliza. "Kesho nachuma shamba mzima."

Zilpah akainuka. Alikwenda kwenye beseni, akachukua ile sabuni ya dukani, akaifuta maji kwa leso, akamwekea shemeji yake kiganjani kwa mikono miwili, na magoti akayakunja kidogo, kwa adabu zote.

"Tumia hii, yuora. Hii ni ya wageni. Yetu bado inalala."

Mwezi ule wote ungemtambua Chrispine kwa mbali, kanisani au sokoni. Mikono ilikuwa myeusi tii, na ilikuwa inanukia maua.